Simu ya muuguzi ikinyang'anywa Kabambare, siri za wagonjwa zinaenda wapi?

Muuguzi anatoka Salamabila kwa pikipiki kuelekea Kasongo. Mgongoni ana mkoba, mfukoni ana simu moja ya Android. Ndani ya simu hiyo kuna ripoti ambazo hazijatumwa kwa sababu mtandao haujapatikana kwa siku nne: watoto wenye surua, akina mama waliojifungua, na wanawake watatu waliofika kituoni baada ya kubakwa. Njiani anakuta kizuizi. Wenye silaha wanadai pesa. Kisha wanadai simu.

Muuguzi huyu ni wa mfano tu. Hata hivyo, mkazi wa Kabambare akiisoma habari yake hataona jambo la ajabu. Eneo hilo limeishi miaka mingi na makundi yenye silaha, likiwemo lile la Malaika, hasa kuzunguka mgodi wa dhahabu wa Namoya, ambako kampuni ya Banro ilisitisha kazi mwaka 2019 kwa sababu za usalama. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, limewahi kuwahudumia manusura wa ubakaji hapo hapo Salamabila.

Simu ikishaondoka, pesa ya kununua nyingine inaweza kutafutwa. Majina ya wale wanawake watatu hayarudi.

Swali hili limekuwa zito kwa sababu kazi ya afya nchini Kongo imehamia kwenye simu na kompyuta. Mfumo wa taifa wa taarifa za afya unatumia DHIS2, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway. Mashirika ya misaada nayo hupenda KoboToolbox na ODK, programu iliyozaliwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, ili fomu zijazwe kwenye simu mahali ambapo hakuna mtandao. Kusini mwa Maniema, kanda za afya za Kasongo, Kunda, Samba, Kabambare, Lusangi na Saramabila zote zinatakiwa kupeleka takwimu zao juu, Kindu na Kinshasa.

Na takwimu hizo zinaokoa maisha. Mwaka 2017 mlipuko wa polio itokanayo na virusi vya chanjo ulithibitishwa Maniema na Haut-Lomami. Mtoto mmoja akipooza mguu ghafla kijijini, kila siku inayopita kabla habari haijafika ni siku ambayo virusi vinatembea. Hakuna anayetaka kurudi kwenye karatasi inayobebwa na baiskeli wiki mbili.

Kasongo na takwimu zake

Kasongo si mgeni katika jambo hili. Kuanzia mwaka 1971, Taasisi ya Tiba za Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji, iliendesha hapa mradi ambao wanafunzi wa afya ya jamii bado wanausoma kwa jina la Mradi wa Kasongo. Mwaka 1981 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti wake kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35. Kazi ya namna hiyo ilitaka kujua nani amechanjwa, nani hajachanjwa, na nani bado yuko hai. Ilifanyika kwa kalamu.

Daftari la karatasi lilikuwa na ulinzi wake usiotajwa: uzito. Mwizi angelazimika kufika kituoni, kuvunja kabati, na kubeba mzigo. Tena angepata wagonjwa wa kituo kimoja tu. Simu iliyounganishwa na seva inaweza kuwa mlango wa kuingilia kanda nzima, na ina uzito wa kipande cha sabuni.

Tutofautishe mambo mawili, maana mara nyingi huchanganywa. Ripoti ya mwezi inayosema "surua 7, malaria 212" haimtaji mtu. Ikiibwa, hasara ni ndogo. Lakini zipo fomu za mtu mmoja mmoja: jina, umri, kijiji, kipimo cha VVU, tarehe ya kurudi. Hata namba peke yake inaweza kusema mengi: ripoti ikionyesha "ubakaji 3" katika kituo cha kijiji kidogo, majirani hawahitaji jina.

Mlango wa seva

Programu ya simu haifungui hifadhi yote ya data moja kwa moja, au haipaswi kufanya hivyo. Inabisha kwenye mlango maalumu wa seva, unaoitwa API, na kuomba kitu kimoja: nipe orodha ya watoto wa kituo hiki, au pokea fomu hii. Seva ndiyo inayoamua kukubali au kukataa.

Kosa la kwanza la watengenezaji ni kuficha neno la siri la hifadhi ndani ya programu yenyewe, kwa kudhani hakuna atakayeliona. Faili ya programu ya Android ni kifurushi cha zip. Kijana yeyote mwenye kompyuta na jioni moja ya nafasi anaweza kukifungua na kusoma kilichomo. Kilichoandikwa ndani ya programu kihesabiwe kuwa kimebandikwa ukutani sokoni.

Kosa la pili ni la seva inayoamini kupita kiasi. Muuguzi ameingia kwa akaunti yake halali na kuomba faili ya mgonjwa namba 1041. Akibadilisha namba iwe 1042, mgonjwa wa kituo kingine, seva mbovu inampa. Seva ilikagua kama ni mtumiaji halali, ikasahau kukagua kama mgonjwa huyo ni wake. OWASP, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa usalama wa programu, imeliweka kosa hili namba moja katika orodha yake ya hatari za API mwaka 2019, na tena mwaka 2023.

Kwa hiyo kila ombi lazima likaguliwe upya: ni nani, wa kituo gani, anaruhusiwa kuona nini. Muuguzi wa Lusangi hana sababu ya kuwa na wagonjwa wa Samba katika simu yake. Na kila mtu awe na akaunti yake. Najua ofisi nyingi ambako akaunti moja hutumiwa na watu sita na neno la siri limeandikwa kwenye kalenda. Ni rahisi, mpaka siku ya kutaka kujua ni nani kati ya hao sita aliyefungua faili fulani usiku wa manane.

Saa ya simu inapodanganya

Njiani kati ya simu na seva, data hupita kwenye minara, nyaya na mitambo ya watu wengine. Ndiyo maana hufungwa kwa itifaki iitwayo TLS, ile inayoonekana kama kufuli kwenye anwani ya tovuti. Seva huonyesha cheti, simu hukikagua, kisha mazungumzo yanakuwa ya wawili. Tangu Android 9 ya mwaka 2018, programu iliyotengenezwa kwa toleo hilo au la baadaye haiwezi kutuma data bila kufuli hilo, isipokuwa mtengenezaji ameruhusu kwa makusudi.

Huku kwetu kuna tatizo ambalo vitabu vya mijini havilitaji sana. Cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na simu hukilinganisha na saa yake yenyewe. Kituo kikikosa jua siku tatu na betri ikafa kabisa, simu ya bei nafuu inaweza kuwaka ikidhani tuko miaka mingi nyuma. Inakiona cheti hakijaanza kazi. Inakataa kuunganisha. Muuguzi anaona maneno mekundu ya Kifaransa na kudhani seva imekufa, kumbe dawa ni kurekebisha tarehe.

Simu za zamani zina shida nyingine. Let's Encrypt, taasisi inayotoa vyeti vya bure kwa mamilioni ya seva, iliweka mpango wa kuzisaidia simu zilizo chini ya Android 7.1.1 ziendelee kuvitambua vyeti vyake. Mpango huo uliisha tarehe 30 Septemba 2024. Simu nyingi zilizokuwa zikifanya kazi vizuri zilianza kukataa seva ambazo hazikubadilika chochote.

Hapo ndipo kishawishi kinapoingia. Simu zinapolalamika kutoka vijijini, fundi aliye mbali anaweza kumaliza malalamiko kwa mstari mmoja: anaiambia programu ikubali cheti chochote. Kelele zinakwisha, na ulinzi unakwisha pamoja nazo, kwa sababu sasa mtu yeyote anayemiliki Wi-Fi anaweza kujifanya seva. Sisemi hili kwa kubahatisha. Mwaka 2012 watafiti wa vyuo vikuu vya Hannover na Marburg, Ujerumani, walichunguza programu 13,500 za bure za Android. Katika 1,074 kati ya hizo walikuta ukaguzi wa cheti ulioandikwa kwa namna inayoweza kudanganywa.

Siku nne bila mtandao

Ushauri wa kawaida duniani ni huu: usihifadhi kitu kwenye simu, kila kitu kikae kwenye seva. Mjini Nairobi au Dar es Salaam ushauri huo unafaa. Kabambare haufai. Mtandao ukipatikana kilimani tu, au siku ya soko tu, simu inalazimika kubeba data ya siku kadhaa. Swali la kweli ni data hiyo ibebwe katika hali gani.

Simu mpya husimba hifadhi yake, yaani hugeuza kila kilichomo kuwa herufi zisizosomeka bila nambari ya siri. Zamani simu dhaifu zilisamehewa kwa sababu kazi hiyo iliwalemea. Mwaka 2019 Google ilitoa njia nyepesi iitwayo Adiantum kwa ajili ya simu za namna hiyo, na tangu Android 10 kila simu mpya inatakiwa kusimba. Programu ya DHIS2 ya Android nayo inaweza kuisimba hifadhi yake na kuomba nambari yake ya pili.

Vizuri. Sasa turudi kwenye kizuizi. Mwenye bunduki hahitaji kuvunja msimbo. Anasema: fungua. Na muuguzi atafungua, kama mimi na wewe tungefungua. Mtu asije akaandika katika kitabu cha mafunzo kwamba mhudumu wa afya akatae kutoa nambari yake ya siri akiwa ameelekezewa silaha. Ulinzi wowote unaotegemea ushujaa wa mtu aliye peke yake porini ni ulinzi mbovu, na aliyeubuni hajawahi kusimamishwa njiani.

Kuna njia inayozingatia hilo, na ODK na KoboToolbox zote zinaikubali. Fikiria sanduku lenye kufuli la kubana. Yeyote anaweza kulibana likafunga, lakini ufunguo wa kufungulia uko Kindu. Simu inapewa kufuli peke yake. Muuguzi anajaza fomu, anaikamilisha, na papo hapo inafungwa. Kuanzia hapo hata yeye mwenyewe hawezi kuifungua tena kwenye simu. Anayemlazimisha atapata faili isiyosomeka, na muuguzi atasema kweli akisema hana ufunguo. Hata seva haina. Fomu hufunguliwa kwenye kompyuta ya msimamizi wa data, na huko tu.

Njia hii ina gharama, na ni vizuri wakubwa wa mashirika wazijue kabla ya kuitangaza. Muuguzi aliyekosea umri wa mtoto hawezi kurekebisha baada ya kukamilisha fomu. Ufunguo wa Kindu ukipotea kwa kompyuta kuungua au mtu kuhama kazi, fomu zote zilizofungwa kwa kufuli hilo zimepotea milele, hakuna fundi wa kuziokoa. Nakala ya ufunguo iwe mahali pa pili, na watu wawili wajue ni wapi.

Tena kuna kazi ambazo haziwezi kufungwa hivyo. Manusura wa ubakaji anayefika kabla ya saa 72 hupewa dawa za kuzuia VVU kwa siku 28, na lazima mtu amfuatilie. Muuguzi anahitaji kumtambua wiki ijayo. Hapo karatasi inarudi kazini: simu ibebe namba ya siri ya mgonjwa tu, na jina linalolingana na namba hiyo libaki katika daftari moja, ndani ya kabati la kituo. Anayechukua simu hana daftari.

Mambo ya kutuma nayo yasisahauliwe. Mtandao ukikatika katikati, simu hutuma tena, na seva isiyo makini huandika wagonjwa 7 wa surua kuwa 14. Dawa yake ni kila fomu kupewa utambulisho wa pekee ikiwa bado kwenye simu, ili seva ikipokea mara ya pili ijue ni ileile. Fomu ikishapokelewa, ifutwe kwenye simu.

Ikishachukuliwa

Wengi hudhani simu iliyoibwa inaweza kufutwa kutoka mbali. Inawezekana, kama simu iko hewani. Simu iliyo porini bila mtandao haipokei amri ya mtu. Kinachoweza kufanyika mara moja ni kwenye seva: kuifunga akaunti, na kufuta kibali cha simu hiyo. Programu nzuri haibebi neno la siri la muuguzi, hubeba kibali cha muda kilichotolewa na seva na kusimbwa kwa ufunguo unaohifadhiwa katika sehemu ya Android iitwayo Keystore. Kwa Kabambare, kibali kinachokufa kila baada ya saa moja kitakuwa usumbufu, kwa hiyo kinapewa maisha marefu zaidi. Lakini urefu huo unakubalika tu kama kuna anayeweza kukiua kwa dakika moja.

Kuna pia simu yenyewe. Mwaka 2020 kampuni ya usalama ya Upstream ilieleza kuwa simu za aina ya Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilikutwa na programu hasidi zilizowekwa kabla hazijafika dukani. Kampuni mama, Transsion, ilimlaumu mmoja wa wasambazaji wake. Na kwa kuwa vifurushi vya data ni ghali, watu hupeana programu simu kwa simu. Android hukataa sasisho lisilo na saini ya mtengenezaji wa awali, lakini kwa programu inayowekwa mara ya kwanza haina cha kulinganisha. Programu ya kazi iwekwe katika ofisi ya kanda, siyo kibandani.

Jambo moja linanisumbua kuliko hayo yote. Programu rasmi ikisumbua, mtu hupiga picha ukurasa wa daftari na kuituma kwa WhatsApp. WhatsApp huifunga picha njiani, ndiyo. Lakini picha hiyo imebaki kwenye simu ya aliyetuma, kwenye simu za kundi zima, karibu na picha za harusi. Programu nzito, yenye nambari tatu za siri na inayokwama kila mara, inawasukuma watu huko.

Seva pia huibiwa

Hata ulinzi wa simu ukikamilika, upande wa pili unaweza kuanguka. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kuwa wavamizi wameingia katika seva zilizobeba taarifa za zaidi ya watu 515,000, wakiwemo waliotenganishwa na familia zao na vita. Taarifa zilitoka vyama visivyopungua 60 vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu duniani. Wavamizi waliingia Novemba 2021 kupitia programu ambayo rekebisho lake la usalama lilikuwa limetolewa lakini halijawekwa. Shirika hilo lina wataalamu. Ofisi yenye fundi mmoja anayehudumia jimbo zima ifikirie.

Sheria ipo. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 31, inalinda maisha binafsi ya mtu. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda haki za wanaoishi na VVU. Sheria ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 imeweka wajibu kwa yeyote anayekusanya data za watu. Shirika linaloleta programu mpya Kasongo linaweza kuulizwa maswali machache kabla ya simu ya kwanza kugawiwa: data inakaa wapi, nani anaiona, inakaa muda gani, na simu ikipotea nani apigiwe.

Swali hilo la mwisho ndilo ambalo nimeona likijibiwa kwa ukimya zaidi. Simu ikinyang'anywa Jumamosi saa kumi jioni kwenye barabara ya Kabambare, muuguzi akafika salama na kuazima simu ya mtu, je, ipo namba anayoijua kichwani? Na anayepokea namba hiyo ana ruhusa ya kuifunga akaunti usiku ule, au atasubiri barua yenye muhuri Jumatatu?